Nani Kashika Laini

Nilitaka kujua mwanangu anarudi lini, na nilitaka kujua kabla ya mkewe. Hilo ndilo lilikuwa jambo lenyewe, mengine yote ni mbwembwe. Mtu akikwambia aliita fundi wa mtandao kwa sababu ya mtandao tu, mwulize vizuri.

Mwanangu yuko ng'ambo, anatengeneza majokofu makubwa ya maghala, yale ambayo mtu anaingia ndani na koti. Ni mtoto wangu wa pekee. Alipoondoka alituacha wawili kwenye nyumba moja: mimi mama yake, na mkewe, mkaza mwanangu, ambaye sikumchagua ila pia sikumkataa. Chumba changu kiko mwanzo wa korido, chake kiko mwisho. Katikati kuna bafu na kuta nyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya huku, kule unaambiwa afya.

Kila Jumapili mchana mwanangu anapiga simu ya video. Anaanza na mimi, maana nilimlea vizuri, kisha anampigia mkewe. Na kila Jumapili mambo ni yale yale. Shikamoo mama, marahaba baba, umekula, nimekula. Tunayasema magoti yangu, tunaisema baridi ya huko, halafu namwuliza, "Unarudi lini?" Hapo hapo picha inaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, mtoto wangu mzuri anakuwa kama picha ya kitambulisho. Sauti inakuja vipande vipande: "Mama... mtandao... nita..." Kwisha habari.

Basi nabaki nimekaa kitandani, simu imepata moto mkononi, na kupitia ukutani namsikia mkwe wangu anacheka. Si kicheko cha mtu aliyegandiwa na picha. Ni kicheko cha mtu anayebembelezwa. Kikiisha hicho kinakuja kimya kirefu, na kimya kile ndicho nilichokichukia zaidi, kwa sababu nilijua ndipo anapoambiwa tarehe. Sitaki kuficha, nilikuwa naona wivu, wivu wa kukosa usingizi wa mchana. Mimba nilibeba mimi, surua yake nilikesha nayo mimi, halafu mazungumzo yasiyokatika anapewa mwingine! Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hawakuacha neno lolote kuhusu mtandao wa mzazi.

Na msidhani mimi ni mshamba wa mawasiliano. Kazi yangu ilikuwa opereta wa simu. Nimekaa mbele ya ubao wenye matundu mpaka kiti kikachukua umbo langu, nachomeka waya huku, nachomoa kule, wakubwa kwa wadogo wakinisubiri mimi. Laini naijua. Laini moja, watu wawili; wa tatu akitaka, asubiri. Kwa hiyo nilipoona mwanangu anaganda chumbani kwangu na anachekesha watu chumbani kwa mwenzangu, sikuhitaji kuambiwa. Kuna mtu alikuwa kashika laini.

Nilianza kwa ustaarabu. Mkwe wangu anafundisha wageni lugha kwa kompyuta, kutwa yuko chumbani anasema "rudia tena, polepole" kwa watu ambao hata asante inawashinda. Nikamwambia, mwanangu, Jumapili mumeo akinipigia, zima mavitu yako. Akasema sawa mama. Jumapili ikafika, picha ikaganda. Nikatoka mbio, nikabisha mlangoni kwake, nikasema nimekuja kuazima sindano.

"Sindano hiyo hapo mezani, mama."

Nikaichukua sindano, na mkono wa pili nikaupitisha mgongoni mwa kompyuta. Ilikuwa ya moto.

"Hii umezima saa ngapi?"

"Sasa hivi, mama. Ndiyo maana bado ina joto."

Hata mwizi wa kuku huwa na maelezo. Nikarudi kwangu na sindano, na nguo ya kushona sikuwa nayo.

Kisanduku chenyewe cha mtandao, ruta, kile cheusi chenye pembe mbili na vitaa vya kijani, kilikuwa kimekaa ukumbini kwenye meza ya televisheni, kinamhudumia kila mtu bila ubaguzi. Hapo ndipo nilipoona pana kasoro. Nikawaza, jiko likiwa chumbani mwako, nani ataota moto kabla yako? Siku moja mkwe wangu alipoingia bafuni, nikakibeba na waya wake mrefu mpaka kwangu. Lakini kukiweka juu ya meza ni kukionyesha kwa kila apitaye. Ninalo kabati la chuma, nililolinunua walipofunga ofisi yetu ya simu na kuuza samani zake. Chuma cha kweli, si haya mabati ya siku hizi yanayolia ukiyagusa. Nikaiweka ruta humo, katikati ya mashuka, waya nikaupitisha kwenye tundu la nyuma, nikafunga kwa ufunguo. Ufunguo nikautia kifuani.

Jumapili iliyofuata hata shikamoo haikufika. Niliona nywele za mwanangu, kisha duara linazunguka, kisha duara peke yake. Na mkwe wangu naye huko mwisho wa korido nikamsikia anawaambia wanafunzi wake, "Mnanisikia? Mnanisikia?" Akatoka.

"Mama, ruta iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Si nyumbani humu humu."

Akanitazama, nikamtazama. Alijua, na alijua kwamba najua kuwa anajua. Lakini chumbani kwa mama mkwe hakuingiwi bila kukaribishwa, na mimi sikumkaribisha. Akasema basi ataita fundi. Nikasema mwite, mwite hata mafundi kumi, tena ndiyo vizuri, watuambie nani anamnyonya mwenzake humu ndani.

Fundi aliyekuja, mtaani wanamwita Antena, kwa urefu wake. Aliinama kupita mlangoni, akavua viatu, kidole gumba cha mguu wa kushoto kikatusalimia kupitia tundu la soksi. Mtu wa maneno mengi huyo. Kabla hajakaa alishasifia mapazia, rangi ya ukuta na mimi.

"Mama, wewe ukisimama na mkweo mtu anasema dada na mdogo wake."

"Pima kilichokuleta," nikamwambia, ingawa neno lilinikaa vizuri.

Akatoa simu yake, akaanza kutembea nyumba nzima akipima kasi. Mimi nyuma yake. Mkwe wangu nyuma yangu. Ukumbini akatingisha kichwa. Jikoni akapiga mluzi. Tulipofika chumbani kwa mkwe wangu nikachungulia kwenye kioo cha simu nikaona ile mistari ya mawimbi imesimama yote, imejaa pomoni.

"Haya!" nikasema. "Mwaiona? Kwangu mistari miwili, hapa imejaa. Ndiyo maana watu wanacheka!"

"Mama," mkwe wangu akasema polepole, "nani anacheka?"

"Wewe. Kila Jumapili. Mimi nasikia."

Antena akainua mkono kama askari wa barabarani. "Ngojeni. Mistari imejaa ndiyo, lakini kasi hakuna. Hapa ni kama bomba linalounguruma na maji hayatoki. Kuna kitu kinapiga kelele humu." Akaanza kuchungulia, chini ya meza, nyuma ya pazia, kisha akalaza ule urefu wake wote sakafuni akaingiza mkono nyuma ya kitanda. Akatoka na kidude cheupe kilichokuwa kimechomekwa ukutani, kina taa moja inayopepesa.

"Busta, kidude cha kuongeza mawimbi," akasema. "Nani kaweka busta?"

Mkwe wangu akaangalia vidole vyake vya miguu.

"Nilinunua mimi," akasema. "Kwa hela yangu."

"Kwa nini?" nikauliza, na moyoni nilikuwa tayari naimba.

"Kwa sababu wewe mama unaongea naye muda mrefu. Mimi namsikia anavyokuchekea huko, mnasema magoti, mnasema sijui nini, zamu yangu ikifika anakwama. Nikasema labda wewe unamaliza mtandao wote. Nikataka na mimi nipate."

Nilijua! Nilijua, na niliisema kwa sauti, nikaisema tena, nikamwambia Antena awe shahidi. Mtoto wa watu ananionea wivu mimi, bibi kizee, kwa kuongea na mwanangu mwenyewe! Nilijisikia vizuri kama mtu aliyeshinda kesi. Nilitamani mwanangu angekuwepo asikie.

"Sawa," akasema Antena akijifuta vumbi magotini. "Na ruta yenyewe iko wapi?"

Ushindi wangu haukufika mbali. Wakanitazama wote wawili. Nikageukia ukuta, nikaingiza mkono kifuani, nikatoa ufunguo, na tukaenda msafara mpaka kwangu. Nilipofungua kabati, ruta ilikuwa imelala katikati ya mashuka, inawaka vitaa vyake, imepata joto kama mkate uliotoka tanurini.

Antena hakucheka mara moja. Alijikaza. Kisha akashindwa, akacheka mpaka akashika fremu ya mlango.

"Mama! Umeyafungia mawimbi kwenye chuma! Humo hata mimi Antena ningekaa miaka mia, mawimbi yangu yasingetoka!"

Mkwe wangu alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. Mabega yake yalikuwa yanatikisika. Nikamwambia acheke tu, asije akapasuka.

Akatueleza basi, na nilimsikiliza kwa sababu mtu akieleza laini mimi husikiliza. Chuma kinazuia mawimbi. Busta nayo haiongezi kitu. Inapokea kile kidogo kinachopenya na kukirudia, na kwa kazi hiyo ya kupokea na kurudia inakula nusu. Isitoshe, majirani wote wanatumia chaneli moja na sisi, kila ruta inampigia kelele mwenzake. "Na simu yako mama," akasema, akiichukua mkononi, "imetuchekesha zaidi. Umelala hatua mbili kutoka kwenye ruta, lakini simu imeshikamana na busta ya mkweo kule mwisho wa korido. Imemwacha aliye karibu, inamfuata wa mbali."

Nikampokonya simu yangu. Simu haikuwa ya kwanza nyumbani humo kufanya hivyo.

Palikuwa na ugomvi mdogo kuhusu mahali pa kuweka ruta. Antena alisema koridoni, juu, kwenye rafu, isizibwe na kitu. Mkwe wangu akasema karibu na bafu. Nikasema bafu liko upande wake. Akasema mama, ni tofauti ya mkono mmoja. Nikasema mkono mmoja ni mkono. Mwisho Antena alitafuta kamba ya kuanikia nguo, akaivuta kutoka mlango wangu mpaka mlango wake, akaikunja katikati, na pale kamba ilipokunjika akapigilia rafu. Nilishika ncha moja ya kamba na mkwe wangu ncha nyingine, na sikuilegeza mpaka msumari uliposimama.

Akabadilisha chaneli, akaizima ruta na kuiwasha, busta akaitia mfukoni mwa mkwe wangu na kumwambia amgawie adui yake. Kisha akapima. Chumbani kwangu kasi ikapanda, chumbani kwake ikapanda vile vile. Nilimrudisha mara mbili akapime kwangu tena, nikaona ni sawasawa kweli.

"Na tukiongea wote wawili kwa wakati mmoja?" nikauliza.

"Hata mkiongea kumi. Mama, hii si ile laini yenu ya zamani. Humu hakuna anayemshikia mwenzake."

"Na picha ikiganda tena?"

"Ikiganda tena," akasema akivaa kiatu, "basi tatizo haliko nyumba hii. Liko upande wa pili."

Jumapili ikafika. Tulikubaliana kumpokea pamoja, ukumbini, kwenye kompyuta ya mkwe wangu yenye kioo kikubwa. Kukubaliana ni neno la heshima tu. Ukweli ni kwamba kila mmoja alitaka kumwona mwenzake mikono. Yeye alitaka kuhakikisha sina ufunguo mwingine kifuani. Mimi nilitaka kusikia chote atakachoambiwa, neno kwa neno, na ile tarehe ikitajwa itajwe mbele yangu. Nilijipaka mafuta, nikavaa gauni la samawati, nikawahi kochi na kukaa katikati. Akabaki na pembeni.

Simu ikaita, akapokea, na mwanangu akatokea mzima mzima. Sijawahi kumwona hivi tangu aondoke. Ana mvi juu ya kipaji cha uso, mbili tatu. Amevaa shati la mistari nisilolijua, na mkwe wangu hakulishangaa lile shati, nikajua kwamba yeye analijua. Hilo nalo lilinichoma.

"Ah," akasema, "leo mko pamoja?"

"Tuko pamoja," tukajibu kwa pamoja.

"Mbona mnaonekana vizuri hivyo?"

"Tumetengeneza mtandao," nikasema. "Unaruka kama swala. Umekula?"

Amekula. Tukayasema magoti. Akamwuliza mkewe habari za wanafunzi, akaeleza, akamchekesha, na mimi nikacheka pia, kwa sauti kubwa kuliko yeye. Kisha nikaona mkwe wangu anavuta pumzi, anataka kusema kitu, nikajua swali lenyewe ni lipi. Nikamuwahi.

"Baba, unarudi lini?"

Picha ikaganda. Mdomo wazi, jicho moja limefumba nusu, kidevu kimeinuka. "Mama... mtan..." Basi.

Nikamgeukia mkwe wangu. "Simu yako iko wapi?"

"Hii hapa mama, nimeizima. Yako?"

"Imezimwa."

Nikachungulia koridoni. Ruta iko kwenye rafu yake, vitaa vyote vya kijani. Saa ya ukutani ilikuwa inagonga, na mwanangu anatutazama na mdomo wake wazi.

"Hata kwangu hukwama hapo hapo," mkwe wangu akasema taratibu. "Nikimwuliza hilo tu. Nabaki naiangalia picha, nasubiri arudi, hata robo saa."

"Wewe hajakwambia tarehe?"

"Nilidhani amekwambia wewe, mama. Nilidhani unanificha."

Kumbe kile kimya cha ukutani ndicho hicho. Nilikionea wivu miezi yote hiyo, na mtoto wa watu alikuwa amekaa peke yake anaangalia mdomo wazi. Macho yangu yalikuwa bado kwenye kioo. Nyuma ya mwanangu kulikuwa na dirisha, na kwenye dirisha kulikuwa na pazia jembamba, na pazia lilikuwa linacheza. Linajaa upepo, linatulia, linajaa tena. Mwanangu kaganda, pazia lake halijaganda.

Mkwe wangu naye akaliona. Akanishika mkono. Hajawahi kunishika mkono vile.

Sasa, mimi nimefanya kazi ya laini. Laini iliyokatika ni maiti, haina kitu ndani. Lakini mtu akikaa kimya upande wa pili, akajifanya hayupo, opereta hujua tu. Nilimtazama shingoni, pale juu ya ukosi wa lile shati, nikaona mshipa unadunda. Alikuwa amebana pumzi. Alikuwa anafanya hivyo hivyo akiwa mdogo akijificha nyuma ya mlango, mpaka uso unamwiva, na siku zote ni mimi niliyemhurumia kwanza. Njia ya mwongo ni fupi, lakini huyu alikuwa wangu.

"Pumua, baba," nikamwambia.

Hakutikisika.

"Pumua, mwanangu. Tunakuona."

Mabega yakaanguka. Pumzi ikamtoka kwa mkupuo, akafunga mdomo, akajifuta uso kwa kiganja kutoka juu mpaka chini. Hakunitazama. Macho yake yalienda pembeni, yakapita bega langu, yakitafuta ukingo wa kochi.

"Nimesaini mkataba tena," akasema. "Sijui narudi lini. Sikujua nitaanzaje kukwambia."

Alikuwa anamwambia yeye. Alimwita kwa jina lao la chumbani, ambalo sikuwahi kulisikia, akalirudia, akamwomba msamaha, akalia. Picha ilikuwa safi na sauti ilikuwa safi, hakuna hata herufi iliyopotea njiani. Mkwe wangu aliachia mkono wangu, akainama mbele yangu ili mumewe amwone vizuri, kwa sababu mimi niliyemwambia apumue nilikuwa nimekaa katikati, nawaziba.